Siku moja na wanafunzi wangu wa pikipiki, Kihonda

Nafundisha watu kuendesha pikipiki Morogoro, upande wa Kihonda. Wengi wanaokuja ni vijana wanaotaka kuingia kwenye bodaboda, lakini wapo pia wauguzi, mabwana shamba, walimu wa vijijini na akina mama wa biashara waliochoka kusubiri usafiri. Ndugu zao huniuliza kama mtu wao ataanguka. Nawajibu ukweli: ataanguka. Kazi yangu ni kuhakikisha anaangukia uwanjani, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, akiwa amevaa vizuri, na kabla hajambeba mtu mwingine nyuma. Nimeandika siku yangu ya Jumanne ili muone jinsi inavyokwenda.

Saa 11:30 alfajiri

Wingu bado limefunika milima ya Uluguru. Natoa pikipiki nje, naangalia upepo wa matairi, cheni, breki na waya wa klachi. Pikipiki ya kujifunzia lazima iandaliwe kwa ajili ya kuanguka. Saidimira navua kwa wanafunzi wa siku za mwanzo. Vyuma vya kukinga miguu nimevizungushia vipande vya tairi kuukuu. Sailensa, yaani mzunguko wa injini mtu asipovuta mafuta, naipandisha kidogo ili injini isizimike ovyo mtu anapoachia klachi. Na bolti inayobana mkono wa klachi kwenye usukani siikazi mpaka mwisho: ukiushika unakaa imara, lakini pikipiki ikilala chini unazunguka badala ya kukatika. Fundi mmoja mzee alinifundisha hilo na limeniokolea fedha nyingi. Hata hivyo siendi uwanjani bila mikono ya akiba kwenye begi.

Saa 1:00 asubuhi

Leo ninao watatu. Dada muuguzi ambaye zahanati yake iko mbali na barabara ya lami, upande wa Mvomero. Kijana aliyeahidiwa pikipiki ya mkataba, yaani ya tajiri, atakayemlipa hesabu kila siku hadi iwe yake. Na mzee fundi seremala, aliyeendesha baiskeli maisha yake yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tunaanguka tena?"

"Tukianguka tutainuka, mzee wangu."

Kabla ya chochote nakagua mavazi. Kandambili hazipandi pikipiki kwangu. Viatu vifunike kifundo, kamba zifichwe ndani, suruali iwe nzito, glovu ziwepo. Mtu anayeanguka hutanguliza viganja bila kufikiri, na changarawe ikichimba kiganja, muuguzi hawezi kushika sindano wala seremala randa kwa siku kadhaa.

Kofia ngumu ndiyo naisimamia zaidi. Nafunga mkanda wa kidevuni, naishika kofia kwa nyuma, naivuta kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, haifai. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe kichwani na imefungwa. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko njia nzima, ikavaliwa trafiki akionekana, haimkingi mtu yeyote. Na kofia iliyokwisha kugonga chini na kichwa ndani yake naitupa, hata kama nje inang'aa, kwa sababu povu gumu la ndani likishabonyea halirudi.

Saa 2:00

Injini hazijawashwa. Somo la mwanzo kabisa ni kulaza pikipiki chini kwa makusudi, kisha kuinua. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina zaidi ya kilo 100, na nimeona wanaume wenye miili wakijitegua mgongo kwa kuivuta kwa mikono. Zima injini. Weka gia ili isibingirike. Kama imelalia kulia, toa stendi kwanza, maana stendi iko kushoto na ukishainyanyua hutakuwa na mguu wa kuitolea. Ipe mgongo, kalio likae kwenye siti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu inuka kwa nguvu za mapaja, ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo.

Muuguzi, ambaye ni mwembamba kuliko wote, aliinua vizuri kuliko wote. Nalipenda somo hili kwa sababu moja: likiisha, pikipiki iliyolala chini haimtishi mtu tena, na woga ndio unaokaza mikono.

Saa 3:15

Mzunguko wa duara, gia ya kwanza. Watu hudhani mwendo mdogo ni rahisi. Mwendo mdogo ndio mgumu, kwa kuwa pikipiki husimama wima kwa kukimbia. Ikipungua mwendo, kazi ya kuishikilia inabaki kwa mwendeshaji. Unaachia klachi nusu, mafuta unayatuliza mahali pamoja, breki ya nyuma unaigusa kidogo, na macho yanatazama mbele kwenye duara, kule unakotaka kufika. Ukitazama jiwe, utaliendea jiwe.

Muuguzi alikuwa anakwenda vizuri. Kisha mbuzi akakatiza pembeni ya uwanja, dada akashtuka, akabana breki ya mbele huku usukani umekata kushoto. Gurudumu la mbele liliteleza kwenye changarawe na pikipiki ikalala palepale.

Hivi ndivyo wanavyoanguka karibu wote mara ya kwanza. Breki ya mbele ina nguvu sana, na nguvu hiyo inataka gurudumu lililonyooka na ardhi inayoshika. Usukani ukiwa umekunjwa, tairi linaombwa kukata kona na kusimama kwa wakati mmoja, na kwenye changarawe haliwezi yote mawili.

Nilikwenda kwake taratibu, sikukimbia. Nikazima injini, nikamuuliza kama kuna panapouma, akakunja vidole, akazungusha bega, akasema goti tu. Halafu yale maswali yangu ya kila siku.

"Mkono wa kulia ulifanya nini?"

"Nilibana breki, madam."

"Usukani ulikuwa wapi?"

Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nakata kushoto."

"Macho?"

"Kwa mbuzi."

Akaelewa mwenyewe. Nilichomsifia ni kwamba aliiachia pikipiki iende. Mtu anayeng'ang'ania usukani hadi chini, au anayetupa mguu kuizuia, huishia mguu ukiwa chini ya chuma. Na anayenyoosha mkono wote kuipokea ardhi anahatarisha kifundo cha mkono na mtulinga. Tunafanya mazoezi ya hilo tukiwa wima bila pikipiki: kukunja viwiko, kuingiza kidevu, kuviringika. Halafu alipanda tena, saa ileile.

Mzee naye alikuwa na tatizo lake, na nalipata kwa kila mtu aliyekomaa na baiskeli. Kwenye baiskeli mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Kwenye pikipiki ni klachi. Kila alipotaka kusimama alibana kushoto kwa nguvu zote, na pikipiki, ikiwa imeachiwa huru, ikaendelea kubingirika kuelekea ukingoni. Maneno hayasaidii hapa. Nilimweka juu ya pikipiki iliyozimwa, tukaisukuma, na kila nikisema "simama" anatumia mguu wa kulia na mkono wa kulia. Tulisukuma hadi jasho likatutoka sote.

Saa 4:30

Kijana wa mkataba ni mwepesi, na wepesi wake unanitia hofu. Aliachia klachi ghafla, pikipiki ikaruka mbele, mwili ukabaki nyuma, na mkono ulioshika usukani ukavuta mafuta zaidi. Ikawa inamkimbiza. Kwa bahati alikumbuka tulilolirudia asubuhi nzima: ikikuchanganya, shika klachi. Usitafute breki wala usihangaike na mafuta kwanza. Klachi inakata nguvu ya injini isifike kwenye gurudumu, halafu mengine yanapata nafasi. Aliishika, injini ikalia tupu, pikipiki ikapunguza mwendo, akalala nayo kwenye nyasi.

Alipotoka chini shavu la mguu wake wa kulia liligusa ekzosi, bomba la moshi. Maji safi ya bomba yatiririke juu yake kwa dakika 20, basi. Alikuwa tayari anaulizia dawa ya meno, na muuguzi wetu akamkataza kabla sijafungua mdomo.

Saa 6:30 mchana

Wali maharage kwa mama lishe. Hapa ndipo kijana aliponiambia kwamba mwenye pikipiki anataka kumkabidhi Jumatatu, na hesabu ya siku inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Wenzake kijiweni wamemwambia wao walijifunza kwa jioni moja, na kesho yake wakabeba abiria.

Nilimwambia ninachowaambia wote. Mwaka 1981 huko Marekani ilitolewa ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza kwa kina ajali zipatazo 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi 5 na pikipiki waliyoanguka nayo. Los Angeles si Morogoro, lakini miezi ile ya mwanzo ni ya hatari popote. Wetu wanaipita wakiwa na abiria, wakati mwingine wawili, na hesabu ya tajiri ikiwasukuma.

Hili linaniuma. Kijana akianguka uwanjani namsafisha goti. Akianguka barabara ya Dodoma na mama mwenye mtoto mgongoni, ndugu wanaanza kukimbizana na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni, hospitali inasubiri, na yeye bado anadaiwa pikipiki iliyokwisha kupinda. Jioni moja ya kijiweni haimwandai mtu kwa hayo, na wanaompa pikipiki wanajua.

Saa 8:00

Breki. Nimetumia mchana karibu wote hapa kwa sababu ya kijana. Ripoti ile ile ilionyesha kwamba watu wakishtuka hukanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu linakwama, na ya mbele wanaitumia kidogo mno. Ndivyo alivyofanya: mstari mrefu kwenye changarawe, mkia wa pikipiki ukienda pembeni. Baada ya kuona muuguzi akiangushwa na breki ya mbele, alikuwa ameamua kuiogopa kabisa.

Tukaanza upya. Usukani unyooke kwanza. Breki ya nyuma kidogo, kisha ya mbele kwa kuibana polepole kama unavyokamua nguo, si kwa kuinyakua, na uzidishe kadiri pua ya pikipiki inavyoinama, kwa maana uzito umehamia mbele na tairi la mbele sasa limeishika ardhi. Kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Nikampimia kwa hatua, akaona mwenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, pikipiki inahitaji umbali wa karibu mara nne kusimama. Kuelekea saa 10 alikuwa akisimama kabla ya tofali nililoweka.

Saa 10:30 jioni

Mteremko wa Bigwa na mzee. Kuondoka kutoka kusimama huku unapanda, pikipiki ikishikiliwa kwa breki ya nyuma. Hakuteleza kurudi nyuma hata mara moja, na mkono wa kushoto ulitulia.

Saa 12:30

Nakaza bolti, nanyoosha pa kukanyagia palipopinda, nabadilisha mkono mmoja wa klachi. Kwenye daftari naandika kila aliyeanguka, mikono yake ilikuwa wapi na macho yalitazama nini, ili kesho nianzie hapo.

Kisha nikampigia simu mwenye pikipiki, mama mmoja wa duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kijana yuko tayari?"

"Bado, mama. Ameanza kuijua breki leo. Na leseni ya pikipiki, daraja A, hana. Akikamatwa au akimuumiza mtu, utaitwa na wewe. Nipe wiki mbili."

Alinyamaza, nikamsikia akipiga hesabu. Akanipa wiki moja, nikakataa. Mwishowe alikubali mbili, kwa sharti kwamba Jumamosi aje aone. Nimemwambia afike saa 2:00 asubuhi, kijana atafunga breki mbele yake akiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na umbali tutaupima pamoja.