Jiko halilali ndani

Kodi ya miezi sita, yote mkononi. Muhula wa chuo ulionileta ulikuwa wa miezi minne na siku kidogo. Nilimweleza mwenye nyumba kwamba kwetu Mombasa twalipa mwezi kwa mwezi, naye akanijibu kwa upole kuwa hapa ni Iringa. Nikalipa, ikaniuma.

Machi mpaka Mei niliona raha. Nilizoea kusalimiwa "kamwene" sokoni, nikaenda Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kisha ikaja Juni. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mimi nimelelewa na panka. Nguo hazikauki, maji ya kuoga kwa baridi yanachoma kama moto, blanketi la mtumba elfu thelathini za Tanzania.

Usiku mmoja nilipika maharage barazani. Yalipoiva, mkaa ulikuwa bado umekolea, mwekundu, hauna hata moshi. Nikauonea huruma. Nikaliingiza jiko chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa leso. Joto lile! Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa nikanyoosha miguu kitandani.

Kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni uchovu. Nikasikia mlango unabishwa, naitwa jina langu, nikataka kuitika, ulimi haukwenda. Miguu pia haikuwa yangu. Kilichofuata ni komeo kung'oka na mikono ya mama wa chumba cha pili kunishika makwapani, akaniburura hadi uani. Nilitapika maharage yote kwenye majani yenye umande.

"Mwanangu, huku jiko halilali ndani na mtu," alisema, akinifunika shuka lake. Alitoka kwenda msalani, akaona jiko langu halipo barazani linapokaa kila usiku. Basi, hilo tu.

Asubuhi daktari alinieleza: mkaa ukiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, nayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Wiki ya kupokewa wanafunzi wageni chuoni tulielezwa ada, vibali na mavazi. Kuhusu mkaa, hakuna aliyefungua kinywa, na hilo bado linanikera. Nyanya yangu hukaanga mahamri uani, milango wazi, upepo wa bahari unapita, angejuaje kunionya?

Nilipokuwa nafunga mizigo, nilimwomba mwenye nyumba ile miezi karibu miwili iliyobaki akae mpwa wa mama yule, kijana aliyepata kibarua mjini. Akakubali. Funguo nilimkabidhi kijana mwenyewe, na jiko nikamwonyesha linapokaa: barazani, pembeni ya ndoo.