Wiki mbili za kuogelea kidogo, na bajaji ya kunitoa majini

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa bwawani ulikuwa wa maneno mawili: "Pumzika kabisa." Aliyenipa ni jamaa tunayeogelea naye njia moja, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala, basi nikamwamini. Nikakaa siku tisa bila kugusa maji kabla ya mashindano ya mita 100 mtindo huru. Kula sikupunguza, nilikula vilevile kama mtu anayeogelea mita 3,000 kila asubuhi: chapati tatu, maharage ya nazi, wali jioni. Nikajiona nimenawiri.

Siku yenyewe nikaruka, nikavuta mkono wa kwanza, maji hayashikiki! Ilikuwa kama kukwea mnazi uliopakwa mafuta. Mkono unapita tu, hausukumi kitu. Nilipofika ukuta wa mita 75 miguu ilikuwa imeshaniaga. Dakika 1 na sekunde 17, wakati mazoezini nilikuwa nakwenda 1 na 14 bila kujiua. Mtoto wa kidato cha pili wa njia ya jirani alikuwa ameshatoka, anajifuta taulo. Na yule jamaa akathubutu kuniambia eti nilipumzika vibaya.

Mara ya pili nikafanya kinyume, nikajitwanga mazoezi mpaka siku moja kabla. Hiyo sisimulii. Bega liliuma mwezi mzima.

Mara ya tatu nikamwendea dada anayefundisha watoto, ambaye miaka yote nilikuwa nampita na salamu tu. Akaniambia, "Kaka, punguza mita. Kasi usiiguse, wala siku usipunguze." Kwa hiyo siku zangu tano za wiki zikabaki tano. Wiki ya kwanza mita 2,000 kwa siku, ya pili 1,200, siku mbili za mwisho 800 hivi. Ila ndani ya hizo chache, karibu kila siku nilipiga mita 50 mara nne kwa kasi ya mashindano, katikati napumzika dakika mbili tatu mpaka pumzi irudi.

Kusema rahisi. Siku ya kwanza nilijiambia "naongeza kidogo tu", nikatoka na 2,900. Ndipo nikamkumbuka kijana wangu wa bajaji. Tukapatana: anisubiri getini, zikitimia dakika 40 apige honi, zikifika 45 sijatoka aondoke na nauli, mimi nitembee kutoka Masaki hadi Mwenge na begi langu lililolowa. Nilimwongezea kama elfu mbili kwa siku, siku nyingine tatu. Kijana aliifurahia kazi ile kupita kiasi. "Mzee, muda!" na honi juu. Mlinzi alitishia kumfukuza, lakini wale mama wanaofanya mazoezi upande wa maji mafupi walikuwa upande wake, wananielekezea ngazi kwa vidole.

Siku ya sita nikaanza kuumwa kila kitu. Miguu mizito, koo linawasha, hata jino. Nilikuwa tayari kurudi kwenye 3,000 zangu. Dada akacheka, akasema waogeleaji wengi hujihisi wagonjwa wakipunguza mita, nivumilie. Chapati zikawa mbili. Miguu nikanyoa, kama waogeleaji wengi wafanyavyo kabla ya mashindano, mama watoto akauliza kama naolewa.

Honi ya kuanzia ilipolia nusura nitafute ngazi nitoke. Ila mkono wa kwanza tu nilijua: maji yanashikika, na mwili umepanda juu yake. Dakika 1, sekunde 11. Nilikuwa wa nne kati ya sita na nilishangilia kama wa kwanza.

Kijana wa bajaji alikuja kushuhudia, kakaa na wale mama. Nilipotoka hakunipongeza, alikuwa amekunja uso. "Mzee, wiki mbili zote zile za kukusubiri, kumbe kazi yenyewe ni dakika moja?"