Tulivyowapima presha wanaume wa Ngamiani wakiwa kwa kinyozi

Tangu nilipostaafu uuguzi nimekuwa nikijitolea katika taasisi ndogo ya hisani inayoshughulikia afya ya moyo hapa Tanga, na katika muda wote huo hakuna ushauri ulioniudhi kama ule wa kwamba wanaume wa mtaani hawapimiki. Niliambiwa hivyo na watu wenye vyeo na nia njema, kila mmoja kwa maneno yake: kwamba ni wabishi, kwamba wanaamini kitunguu swaumu kuliko daktari, kwamba presha ni maradhi ya wenye mali na sisi tunapoteza nguvu bure. Wanaume hao tumewapima, tena baadhi yao wamerudi wakiwa wamefuatana na kaka zao na majirani, ndiyo maana nimeona niandike namna ilivyofanyika.

Mwanzoni tulifuata ushauri tuliopewa. Siku ya Moyo Duniani huadhimishwa kila tarehe 29 Septemba, na mtu mmoja mzoefu wa matamasha alitusisitizia kwamba watu hufuata shangwe, kwa hiyo tukapata hema, spika kubwa, fulana na bango lenye maandishi mekundu kuhusu magonjwa ya moyo. Wanawake walikuja kwa wingi, vijana wa shule walikuja kwa ajili ya muziki, na watu ambao tayari walikuwa na kadi za kliniki walikuja kulinganisha namba zao. Wanaume wa umri wa miaka arobaini na kuendelea, ambao ndio hasa tuliowakusudia, walikaa ng'ambo ya barabara chini ya mwembe wakitutazama mpaka jioni. Nani angevuka barabara mbele ya mtaa mzima na kuingia kwenye hema lenye bango la namna ile, akijua kwamba kabla hajafika nyumbani mkewe atakuwa amekwisha kupewa pole?

Vipimo vyenyewe pia vilikuwa na walakini. Watu walifika wakitoka juani, wakakalishwa kwenye vigoda visivyo na mgongo, mkono ukining'inia, huku wakijibu maswali kwa sauti ya juu ili kuishinda spika. Presha inayopimwa katika hali hiyo hupanda hata kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu anayepimwa anatakiwa awe ametulia kwa dakika tano, ameegemea, nyayo zote mbili ziko chini, miguu haikupishanishwa, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Ukikosa mambo mawili matatu kati ya hayo unaweza kumtia hofu mtu asiye na ugonjwa.

Wazo la kinyozi lilinijia nilipokuwa nimempeleka mjukuu wangu kunyolewa, nikawa nimekaa kwenye benchi nikimtazama mzee aliyekuwa kitini. Alikuwa ameegemea, miguu yake iko sawasawa juu ya kikanyagio, mikono imelala juu ya mikono ya kiti, na kinyozi amekwisha kumwambia atulie asitikisike. Nilimtazama mzee yule nikaona kwamba karibu kanuni zote tulizohangaika nazo hemani zilikuwa zimetimizwa pale bila mtu yeyote kuhubiriwa! Zaidi ya hapo, mteja alikuwa amesubiri zamu yake kwenye benchi, yaani amekwisha kupumzika, na hakuna mpita njia ambaye angeshangaa kumwona mwanamume akiingia kwa kinyozi.

Baada ya vibali kupatikana tulianza na vibanda vichache vya Ngamiani, kwenye barabara ambazo wenyeji tunazitaja kwa namba. Kiti cha kinyozi kina dosari moja tu, nayo ni kwamba mkono wa kiti uko chini kidogo ya usawa wa moyo, jambo linalofanya namba isomeke juu kuliko ilivyo. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyepata dawa yake: alikunja taulo safi mara nne, akaiweka chini ya kiwiko cha mteja, akaniuliza, "Mama, hapa panafaa?" Palifaa kabisa, na tangu siku hiyo kila kibanda kina taulo yake ya kazi hiyo. Tunapima kabla ya kunyoa, mkanda ukifungwa kwenye ngozi tupu wala si juu ya shati, mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili, na wakati huo mashine ya kunyolea huzimwa.

Kilichotusumbua ni kahawa. Muuza kahawa hupita na birika lake asubuhi na jioni, na wateja wanaosubiri hunywa kikombe baada ya kikombe, ilhali kahawa na sigara zote hupandisha presha kwa muda. Hatukuthubutu kumfukuza mtu riziki yake. Tulikubaliana naye kwamba aliyekwisha kunywa hunyolewa kwanza na kupimwa baada ya nusu saa, na mwenye hamu ya kupimwa mapema husubiri kahawa yake mpaka atoke kitini. Yeye ndiye sasa huwauliza wateja kama wamekwisha kupimwa kabla ya kuwamiminia.

Mzee mmoja, kuli wa zamani wa bandarini mwenye mkono mnene, alisoma 182 kwa 104. Nilibadilisha mkanda nikaweka ule mpana, maana mkanda mdogo kwenye mkono mkubwa huongeza namba, ikasoma 174 kwa 100. "Mwanangu, kichwa hakiniumi, naumwaje basi?" aliniuliza. Nilimweleza kwamba watu wengi wenye presha hawasikii chochote, kwamba duniani ni zaidi ya watu bilioni moja wenye tatizo hilo na karibu nusu yao hawajui, na kwamba wapo ambao dalili yao ya kwanza ni kiharusi. Sikumwambia kwamba ana ugonjwa, kwa kuwa kipimo cha siku moja hakitoshi. Mtu huhesabiwa kuwa na presha ikiwa namba zinabaki 140 kwa 90 au zaidi anapopimwa tena siku nyingine. Alipimwa tena, namba hazikushuka, akaanzishiwa dawa kituo cha afya.

Hapo ndipo palipo na uzito wa kazi yenyewe, na ndipo taasisi nyingi huishia njiani. Mwaka 2018 Daktari Ronald Victor na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika maduka 52 ya vinyozi wa Wamarekani Weusi huko Los Angeles, ukihusisha wanaume 319. Wale ambao mfamasia aliwafuata pale pale kwa kinyozi na kuwapatia dawa, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 27. Wale walioshauriwa tu na kinyozi waende kwa daktari, ilishuka kwa 9. Sisi hatuna wafamasia wa kuzunguka vibandani, lakini tulikubaliana na kituo cha afya kwamba mwenye kadi tuliyompa kibandani apokelewe asubuhi ya siku maalumu bila kupanga foleni upya, na mmoja wetu humpigia simu asiyefika. Bila simu hiyo wengi wangebaki na kadi mfukoni.

Gharama hazikututisha. Mashine nzuri ya kufunga juu ya kiwiko tuliipata kwa laki moja na ushee, mkanda mpana ukauzwa peke yake, na kadi zilichapwa kwa bei ya kawaida ya mtaani. Ninawasihi wanaotaka kuanza wasinunue zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwani mkono ukishuka kidogo tu namba hubadilika, na wasidharau betri, maana betri ikichoka katikati ya kazi hukatisha shughuli nzima. Kwa sasa tunazungumza na vinyozi wa Chumbageni na Makorora, na jambo la kwanza tunalokagua kwao ni kama kiti kina mgongo imara na kikanyagio cha miguu.