Ndimu ya Coco ilivyomchora mwanangu usoni

Mwanangu ana miaka minne. Jumapili moja ya Januari tulienda Coco Beach kula mihogo, na yeye kama kawaida yake kang'ang'ania vipande vya ndimu, anakamua mwenyewe, anafyonza, maji yanachuruzika kidevuni, anajifuta na kiganja mpaka shavuni, halafu huyo mchangani kucheza, jua la saa saba mchana la Dar mnalijua wenyewe. Sikuwaza chochote.

Jumanne kidevu kimevimba kidogo kama kaungua, ukimgusa analia. Uvimbe ukaisha wenyewe ila wiki iliyofuata pakabaki weusi, michirizi imeshuka toka pembe ya mdomo hadi kidevuni, na shavuni alama za vidole kabisa. Mwalimu wa chekechea akanivuta pembeni, "Baba Nasra, huyu mtoto nyumbani anashinda na nani?" Nikajua anauliza nini. Nilikasirika aisee, ila leo namshukuru, ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Jirani akasema fangasi. Duka la dawa wakanipa tyubu, nikapaka siku nne hamna kitu. Bibi yake akasema madoa dawa yake ni kusugua na ndimu, yani ndimu! bahati nzuri zilikuwa zimeisha ndani.

Dokta wa ngozi hata hakuchukua muda, kaangalia ile michirizi akauliza, "Kabla ya hapa alishika ndimu juani?" Nikabaki mdomo wazi. Kumbe kwenye ndimu, hasa ganda, kuna kemikali zinaitwa furanokumarini, zikiwa kwenye ngozi halafu ikapigwa jua zinaichoma, na haionekani palepale, inachukua siku moja mpaka tatu, ndo maana hakuna anayekumbuka ndimu. Ngozi ikipona inaacha weusi na weusi wenyewe unafuata njia maji yalipopita. Sio fangasi na haiambukizi. Ile tyubu akaisoma, ina steroidi ndani, yani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, akasema niache maana uso wa mtoto ukipakwa hiyo muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba. Krimu za kung'arisha ndo kabisa, asizione.

Akasema pia sio kila doa jeusi ni ndimu, watoto wengi wanabaki nayo baada ya kung'atwa na mbu wakajikuna, au pumu ya ngozi, kwa hiyo mpelekeni aangaliwe, msikisie kama mimi.

Dawa tuliyopewa? Kofia pana, kukwepa jua la mchana, mafuta ya mgando, na subira, hiyo subira ndo ngumu maana kila mgeni anauliza mtoto kafanyaje. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili yakaanza kufifia kuanzia pembeni, mwezi wa nne la shavuni mpaka ulitafute.

Juzi tumerudi Coco. Ndimu namkamulia mimi kwenye sahani, akimaliza ananawa mikono na mdomo kwa sabuni, niliibeba toka nyumbani. Kaninunia mpaka tunapanda bajaji.