Bushi ya nailoni na mkono mfupi wa gia

Mkono wangu wa kushoto ndio uliojua mwanzo. Nilikuwa natoka Pongwe kurudi mjini, natoa gia ya nne natafuta ya tatu, na mkono wa gia ukawa unazunguka tu kama mwiko ndani ya uji. Nikaipata ya tano. Hata frii, yaani bila gia yoyote, haikuwa na mahali pake tena. Ukiuachia, mkono unalala upande wowote unaoutaka.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, injini ya 3S-GE ya lita mbili, nguvu za farasi 210, gia sita za kukanyaga klachi. Altezza za otomatiki ninazoziona hapa Tanga ni nyingi, na nilikataa tatu kabla ya kuipata hii. Baba yangu aliendesha lori la mkonge miaka mingi, kutoka mashamba ya Muheza hadi bandarini, lori ambalo kila ukishusha gia unakanyaga klachi mara mbili, la sivyo linapiga kelele barabara nzima. Mimi alinifundisha gia kwa sikio. Kwa hiyo gari lisilojua gia zake zilipo lilininyima raha kabisa, kama ngoma iliyolegea ngozi.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kosa: niliagiza mkono mfupi wa gia, yaani unaofupisha mwendo wa kiganja, kabla ya kufungua chochote. Ulifika, na haukuwa wa gari langu. Giaboksi hii ilitengenezwa na Aisin, na ndugu zake wamo ndani ya Nissan Silvia S15 na Mazda RX-8, basi muuzaji akaona zote ni moja. Si moja. Nikaurudisha, nikalipa nauli ya mzigo mara mbili.

Fundi wangu yuko Ngamiani, mzee mpole asiyependa kukimbizwa. Aliponisikiliza akasema, "Dada, kabla hujaagiza mwingine, tuutoe huu tuone umekalia nini."

Tukafungua kirungu cha juu ya mkono wa gia, tukatoa plastiki za katikati ya viti, kisha ngozi, kisha mpira mzito ulio chini yake. Ule mpira ulikuwa umepasuka ubavuni. Nikaelewa kwa nini safari ndefu zilikuwa na joto na harufu ya oili. Mkono wenyewe ulipotoka niliushika kwenye mwanga. Katikati una gololi kubwa ambayo ndiyo egemeo lake, na chini unaishia kwa ncha ndogo ya duara. Ncha hiyo huvaa bushi ya nailoni, kipete kinachoibana isicheze. Yangu ilikuwa imevunjika vipande, vimekauka na kugeuka rangi ya chai ya rangi. Nikavipanga kiganjani kimoja kimoja ili nipate duara. Pengo moja likabaki.

Kipande kilikuwa kimeangukia ndani.

Mzee hakuruhusu mtu kugusa kitu. Alichukua spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, akaipaka grisi nzito, akaniambia nimulikie kwa simu bila kutikisika. Alikikosa mara nyingi. Kila spoku ilipopanda na grisi tupu niliwaza giaboksi nzima ikiteremshwa. Mwishowe kikapanda, kimenata ubavuni mwa spoku, kidogo kuliko ukucha. Akakiweka kwenye pengo la kiganja changu. Duara likatimia.

Bushi mpya alituchongea fundi kerezo kutoka kwenye kipande cha nailoni. Kijana mmoja pale gereji alinishauri tuchonge ya chuma isivunjike tena. Nilikataa: nailoni inameza mtetemo, chuma kingeleta mngurumo wote wa giaboksi hadi kwenye kirungu. Tukaweka na mpira mpya. Siku hiyo hiyo gia ya tatu ilirudi mahali pake, na frii ikawa inarudi yenyewe katikati.

Ningeweza kuishia hapo, na mwenye bajeti ndogo naomba aishie hapo. Lakini mkono mfupi niliutaka kwa moyo wote, na wa pili ulikuja sahihi. Aliyewahi kupiga kasia ataelewa haraka. Kasia limefungwa kwenye kishwara, kile kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo. Ukilisukuma nje ili sehemu ya majini iwe ndefu, mikono yako inasafiri kidogo lakini mzigo unakuwa mzito. Gololi ndiyo kishwara. Mkono niliofunga umerefushwa robo chini ya gololi, urefu wa juu ni ule ule, hivyo mwendo wa kiganja unapungua kwa asilimia 20, na nguvu unayotoa inapanda kwa robo. Hapa mjini, kwa joto hili, uzito huo siusikii. Nilikuja kuusikia Lushoto alfajiri, oili ya giaboksi ikiwa nzito kwa baridi: gia ya pili ilinitaka niikazie bega mpaka giaboksi ilipopata moto.

Lushoto nilikwenda na baba. Kutoka Mombo ni kona mfululizo, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, ya pili, ya tatu, ya pili tena, na kila moja iliingia kwa kiwiko kilichotulia. Soni baba akasema, "Mama, hebu nipishe."

Aliendesha bila kuongea. Kila akishusha gia alikanyaga klachi mara mbili, ingawa gari hili halihitaji, na injini ikawa inamwitikia. Tulipoegesha Lushoto aliutikisa mkono wa gia kwenye frii, kulia, kushoto, akasikiliza. Kisha akauliza bushi ya zamani ilikuwaje. Nikatoa vile vipande kwenye kisahani cha majivu. Akavigeuza kwenye kiganja chake, akachagua kile kidogo, akakitia mfuko wa shati.