Siku yangu moja Amani: tepu, siafu na namba tisa

Saa 11:30 alfajiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye bati. Amani, huku milima ya Usambara Mashariki, iko kama mita 900 juu ya bahari, na anayepanda kutoka Muheza na fulana tu hujuta usiku wa kwanza. Nachemsha chai, nafunga viazi vya jana kwenye mfuko, natia begani tepu, rangi ya njano, misumari ya alumini na daftari. Simu naiacha chini ya mto makusudi. Jana usiku niliangalia namba yangu, ile inayowapima watafiti kama mimi, sitaki kuiona tena kabla jua halijatoka.

Saa 1. Mzee amenitangulia kama kawaida yake, panga kwapani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umevaa viatu vya maana."

Mzee alianza kuongoza watafiti humu mimi sijaanza shule. Yeye anaijua miti kwa Kisambaa, mimi kwa Kilatini, tunakutana katikati.

Saa 3, ndani ya ploti, kipande cha msitu ninachokipima. Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo: kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 kwenda juu unapimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Tabu inaanza pale shina linapokuwa na mbavu, ile mizizi mipana iliyosimama kama kuta, zinazokuzidi kimo. Hapo usawa wa kifua haupo tena. Unapanda ngazi, unapima nusu mita juu ya mbavu zinapoishia, huku chini mtu ameshika ngazi akiomba Mungu. Majani yako mbali huko juu, hayaonekani. Mzee anakwangua gamba kwa ncha ya panga, anasubiri. Utomvu unatoka mwekundu kama damu.

"Mtambara."

Naandika Cephalosphaera usambarensis, sentimita 71.4. Miaka mitano iliyopita ulikuwa 70.2. Ndiyo kasi ya kazi yangu hiyo.

Mti wa pili ni mhesi. Na wa tatu. Mhesi ni mgeni. Ulipandwa hapa enzi za Wajerumani, waliofungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902. Baadaye msitu ulipokatwa mbao, mwanga ukaingia, mhesi ukapata nafasi yake. Hondohondo wanakula matunda, mbegu wanazimwaga popote. Nimeuandikia mti huu makala moja iliyonila misimu mitatu ya mvua.

Saa 5 siafu. Sina la kueleza, aliyewahi kuvuliwa suruali na siafu anajua.

Saa 7, viazi. Mzee anauliza mbona leo nimenuna. Namweleza. Kuna kipimo cha watafiti kinaitwa h, alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h yako ni 10 ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa na makala nyingine mara 10 au zaidi. Makala zangu 9 zimenukuliwa mara 10 au zaidi, ya kumi imekwama kwenye 9, kwa hiyo h yangu ni 9. Mtu mmoja tu duniani akiitaja ile, nafika 10, na fomu ya kupanda cheo inajazwa mwezi ujao.

"Si umwambie rafiki yako akutaje, na wewe umtaje?"

Dakika moja tu, kagundua ugonjwa wa taaluma nzima.

Iliyokwama ni hiyohiyo ya mhesi. Inayoongoza kwa kunukuliwa ni ile yenye waandishi zaidi ya 100, ambayo mchango wangu ulikuwa kutuma vipimo vya ploti na kusoma rasimu mara mbili. Na kile kipeperushi cha Kiswahili ambacho kamati za maliasili za vijiji wamekibandika ukutani mpaka kimechanika? Hakihesabiwi popote.

Saa 10 jioni napanda kilima cha chai kutafuta mtandao. Barua pepe 14. Jarida moja nisilolijua linaniita "Profesa Mashuhuri" na kuniomba makala kuhusu magonjwa ya meno. Namba bado ni 9. Nimeangalia, ndiyo. Mara mbili.

Saa 2 usiku, taa ya sola. Narudi kwenye rasimu mpya, nafika sehemu ya shukrani, na jina la Mzee liko palepale lilipokaa kwenye makala sita zilizotangulia. Shukrani hazina h. Majina yote ya miti humu yametoka kinywani mwake. Bila majina ningekuwa na orodha ya vipenyo. Nalikata jina lile, nalipandisha juu kwenye orodha ya waandishi, la pili baada ya langu.

Fomu ya jarida inagoma: taasisi ya mwandishi? Naandika jina la kijiji chake, Muheza, Tanzania. Barua pepe? Naweka ya mjukuu wake aliyeko Tanga. Nampigia Mzee nipate majina yake matatu kamili.

"Kuna hela?"

"Hapana Mzee. Sisi ndio tutalilipa jarida."

Kimya kidogo. "Basi andika vizuri. Jina la babu lina h."