Fomu ya Mzee

Jumatano, usiku

Jioni hii kamati yetu ilikaa kupitia majina ya waliojitolea kufundisha shule ya Jumapili na kusaidia kwenye kambi ya watoto, na nimerudi nyumbani na uchovu ambao si wa mwili. Majina yalikuwa 11. Kumi tuliyamaliza bila mvutano mkubwa; la mwisho, la mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe Amri Kumi nikiwa bado na meno ya utotoni, ndilo lililotukalisha.

Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Mwenzetu mmoja alipendekeza tumruke, kwa kuwa kumpa fomu ya uchunguzi mtu aliyelitumikia kanisa miaka yote hiyo ni kumvunjia heshima. Nilipinga, ingawa sauti ilinitetemeka. Nilisema kwamba tukimruka kwa sababu tunamwamini, basi utaratibu wetu unawachuja wageni peke yao, ilhali mtoto anayedhulumiwa kwa kawaida hudhulumiwa na mtu anayemfahamu, ambaye wazazi nao wanamwamini, na ambaye imani hiyo aliijenga taratibu kabla hajafanya lolote: zawadi ndogo leo, kumrudisha mtoto nyumbani kesho, kisha kijisiri cha mzaha kati yao wawili. Mchungaji alisikiliza bila kusema neno, akavuta nakala moja ya fomu na kuanza kuandika jina lake mwenyewe. Mjadala ukaishia hapo.

Zamani mimi nilikitegemea zaidi cheti cha polisi. Sikukidharau na sikidharau leo, kwani mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumdhuru mtoto hana nafasi darasani kwetu, na bila cheti tusingemjua. Lakini cheti kinaeleza yale tu yaliyofika polisi. Tume ya Kifalme iliyochunguza dhuluma za kingono dhidi ya watoto katika taasisi za Australia, makanisa yakiwamo, ilitoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2017, na humo imeandikwa kwamba manusura waliozungumza nayo faraghani walichukua wastani wa miaka 23.9 kabla ya kumweleza mtu yeyote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga hesabu pembezoni mwa daftari: mtoto wa miaka 9 atalitamka alilotendewa akiwa na miaka 32 au 33, na muda wote huo aliyemdhulumu ataendelea kupewa cheti safi chenye mhuri.

Barua za sifa nazo hazinitulizi, maana ni nani atakayemwandikia mwenzake barua ya kumharibia? Ndiyo maana mimi hupiga simu. Mwaka jana alituletea maombi kijana mmoja mchangamfu, hodari wa kuimba na watoto, mwenye barua mbili nzuri ajabu. Nilimpigia kiongozi aliyesaini mojawapo, akanijibu maswali yangu upesi upesi hadi nilipomuuliza kama angemwacha mwanawe naye kambini kwa siku tatu. Akanyamaza. Nilisikia redio ikiendelea kusema nyuma yake. Kisha akasema, "Ni kijana anayejituma sana," nami nikamwambia kwa upole kwamba hilo silo nililouliza. Ndipo aliponieleza kwamba walimwondoa kwenye darasa la watoto kwa sababu alikuwa akiwatumia wavulana wadogo ujumbe wa simu usiku wa manane, na kwamba wazazi hawakutaka jambo hilo likuzwe. Hapakuwa na kesi wala taarifa. Palikuwa na barua ya sifa, iliyosainiwa na yeye huyu aliyekuwa akizungumza nami.

Kijana yule hakupewa watoto, na aliambiwa sababu yake waziwazi. Kiongozi aliahidi kupeleka habari kwa maofisa wa ustawi wa jamii. Mimi sikungoja ahadi yake, nilipeleka niliyoyasikia siku ileile.

Mengine kwetu ni taratibu za kawaida: mtu akae ushirikani miezi 6 kabla ya kukabidhiwa darasa, watu wazima wawe wawili kila wakati (mume na mke tunawahesabu kuwa mmoja), na mlango uwe na kioo. Miezi hiyo 6 hulalamikiwa sana, hasa Jumapili ambayo walimu wamepungua na tunalazimika kuwachanganya wadogo na wakubwa katika chumba kimoja chenye kelele za kupasua kichwa. Afadhali kelele.

Nikitoka kikaoni nilipitia kwa Mzee. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza nilichofuata. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote, nyuma na mbele, bila haraka.

"Mwanangu, mimi nimo kanisani humu tangu hujazaliwa."

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nimeileta kwa mkono wangu, sikumtuma mtu."

Hakujibu. Aliomba kalamu, akaijaza palepale mezani kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akituandikia ubaoni. Kwenye nafasi ya wadhamini aliandika majina mawili, na la pili ni langu.

Kwa hiyo safari hii mwenzangu wa kamati ndiye atakayenipigia mimi, na lile swali nitaulizwa mimi. Njia nzima nilidhani jibu ninalo. Sasa nimekaa na fomu mbele yangu na ninaona kwamba ninachokijua ni sauti ya Mzee mbele ya darasa zima, mlango ukiwa wazi. Sijapata kumwona akiwa na mtoto pale anapodhani hakuna anayetazama. Ninampenda, na nitamsifu kwa yale niliyoyaona. Kwa nisiyoyaona, nitamwambia mwenzangu amtafute mdhamini mwingine.